KUTOA SI KUONDOA: UHAKIKI WA TAFSIRI ZA VITENZI VYA KIINGEREZA VYA KUMTOA MTU AU KITU MAHALI

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mlinzi wa bohari kwa muda mrefu, aliniletea barua nimsomee. Si kwamba hajui kusoma. Alikuwa amekwisha kuisoma mara tatu, na kila mara aliipatia maana nyingine. Barua hiyo ya Kiswahili ilisema kwamba kuanzia tarehe fulani mzee huyo "ametolewa nje ya kituo chake cha kazi". Yeye alielewa kwamba atapangiwa kituo kingine, kwa hiyo akakaa nyumbani akingoja kuambiwa aende wapi. Alingoja wiki saba. Nilipoitafuta nakala ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwanza, nilikuta kwamba mwajiri alikuwa amekatisha mkataba.

Kwa taratibu za kazi za Tanzania, mfanyakazi anayeona kwamba ameachishwa kazi isivyo halali hupewa siku 30 kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zilikwisha pita mzee akiwa kibarazani kwake. Ikamlazimu aombe kwanza asamehewe kuchelewa, kabla hata hajasikilizwa kwa lile lililomwumiza.

Simshuku mfasiri wa barua ile kuwa na nia mbaya. Alifanya kile tufanyacho wengi wetu: aliona neno la Kiingereza lenye maana ya kutoka, akachukua "toa", akaongeza "nje", akaendelea na sentensi ifuatayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtindo huo una makosa mawili. Kosa la kwanza ni la sarufi, nalo laweza kusameheka. La pili ni la maana, nalo huweza kumpotezea mtu haki yake.

1. "Nje" ya Kiingereza na nje ya Kiswahili

Kiingereza hujenga vitenzi vya namna hii kwa kuunga vipande viwili. Cha kwanza ni kitenzi chepesi cha kila siku, chenye maana ya kuchukua, kuvuta, kutupa, kusukuma au kuachia. Cha pili ni neno dogo "out". Hivyo tunapata "take out", "pull out", "throw out", "kick out", "drive out", "let out" na wenzake wengi. Kitenzi chaeleza namna ya kutenda, na neno lile dogo laeleza tendo linaelekea wapi.

Kiswahili hakikugawa kazi hivyo. Mwelekeo umo ndani ya mzizi wa kitenzi chenyewe. Atokaye ametoka, na atolewaye ametolewa, wala hatuhitaji neno la kusaidia. "Nje" kwetu si mwelekeo, bali ni mahali: ni uani, ni barabarani, ni upande wa pili wa mlango au wa mstari. Ndiyo maana twasema sawasawa kwamba mchezaji aliyepewa kadi nyekundu ametolewa nje, kwa sababu uwanja una mstari, na mstari una nje yake. Lakini timu iliyoshindwa haiwi "imetupwa nje ya mashindano". Watangazaji wetu wa kandanda, ambao masikio yao ni mazuri kuliko ya ofisi nyingi, husema imetolewa, au imeng'olewa, na wakichangamka, imefungashiwa virago.

Kosa la aina hiyohiyo ni la kurundika viambishi na vihusishi. Tunasoma kwamba majeruhi "walitolewa kutoka ndani ya gari". Hapa kutoka kumetajwa mara mbili, na ndani imeletwa kana kwamba pana mtu angedhani walikuwa juu ya paa. Kiswahili kina kiambishi kimoja cha mahali kinachotosha: walitolewa garini. Aliyetoka nyumbani na aliyeingia nyumbani wote wawili hutumia "nyumbani" ileile, kwa sababu kitenzi ndicho kinachotuambia anaelekea wapi.

Aidha, tukumbuke kwamba "toa" tayari ina mzigo mkubwa. Mtu hutoa sadaka, hutoa hotuba, hutoa amri, hutoa ushahidi. Katika matumizi hayo yote, kutoa ni kumpa mwingine. Hivyo "kutoa fedha" yaweza kuwa kulipa, kuchanga, au kuchukua akiba yako mwenyewe benki. Je, huu ni upungufu wa lugha? Sivyo. Huduma za kutuma fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ziliweka bega kwa bega kuweka, kutuma na kutoa. Mtumiaji hakosei, kwa kuwa kila neno limepata mpaka wake kutokana na jirani yake. Hili ni funzo kwa mwunda istilahi: neno lenye maana nyingi huwa istilahi nzuri likipangwa pamoja na wenzake, na huwa tatizo likiachwa peke yake.

2. Kitenzi kinachokumbuka njia ya kuingia

Sasa tuje kwenye utajiri wetu wenyewe, ambao mfasiri mwenye haraka huupita bila kuutazama. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutoa ambavyo ndani yake mna habari ya jinsi kitu kilivyoingia. Vingi vimo katika kauli ya kutendua. Kilichofukiwa hufukuliwa. Kilichonaswa hunasuliwa. Kilichokwama hukwamuliwa. Kilichopakiwa hupakuliwa. Kilichochomekwa huchomolewa. Vingine havina jozi ya umbo, lakini vina jozi ya maana: chungu hutelekwa jikoni kisha huepuliwa, na kilichozama majini huopolewa. Kilichoota mizizi, kiwe mti au jino, hung'olewa. Wahenga walisema mwiba uchomeapo ndipo utokeapo. Sarufi yetu yaonekana imelishika neno hilo.

Kwa Kiingereza, kazi zote hizo zaweza kufanywa na "get out" au "pull out", na msomaji hutambua mengine kwa muktadha. Mfasiri akizirudisha zote kwa "toa", hakuwa mwaminifu kwa Kiingereza. Amekifanya tu Kiswahili kiwe maskini kuliko kilivyo. Tena hasara yenyewe si ya mapambo peke yake.

Tuchukue msiba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mwezi Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika habari za misiba ya namna hii, magazeti na redio zetu zimeshika tofauti ambayo hakuna baraza lililoiamuru: miili huopolewa, watu huokolewa. Fundi wa mitambo aliyekutwa hai ndani ya MV Nyerere siku mbili baada ya kivuko kupinduka, aliokolewa. Kiingereza chaweza kusema kwamba watu kadhaa "were pulled out of the water", na msomaji akangoja sentensi ya pili ajue kama wako hai. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi ya kungoja. Akiandika "waliopolewa", amekwisha kuwatangazia wafiwa. Kwa hiyo hana budi kuuliza kabla ya kuandika, na kama chanzo chake hakisemi, aandike "walitolewa majini" na kukiri, kwa uchaguzi huo wa neno la jumla, kwamba habari haijakamilika. Hapa "toa" ina kazi yake ya heshima: ni neno la yule asiyejua bado. Haifai kuwa neno la yule asiyetaka kujua.

Tuchukue pia hospitali. Kiingereza cha matabibu hutumia "evacuation" kwa shughuli ya kusafisha tumbo la uzazi, ambayo hufanywa mara nyingi baada ya mimba kuharibika yenyewe. Mfasiri anayejua "evacuate" kuwa ni kutoa, na anayeona kwamba habari yenyewe ni ya mimba, huweza kuandika "alitolewa mimba". Lakini mimba kutoka ni jambo moja, na kutoa mimba ni jambo lingine kabisa. La kwanza ni msiba wa mama. La pili, kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ni kosa la jinai. Kati ya "toka" na "toa" pana herufi moja tu, na katika hati ya hospitali herufi hiyo huweza kumpeleka mama polisi. Istilahi inayofaa iko tayari midomoni mwa wauguzi na akina mama: kusafisha kizazi. Haitaji mimba ilikwendaje, wala haimhukumu mtu.

3. Anayetolewa akiwa mtu

Kitu hakina hoja. Mtu anayo. Kwa hiyo vitenzi vya kumtoa mtu hubeba, pamoja na mwelekeo, hukumu juu ya aliyemtoa. Anayefukuzwa anatolewa kwa nguvu na kwa fedheha. Wanaotimuliwa ni wengi na wanakwenda mbio. Anayeondolewa ametolewa mahali, na neno halisemi zaidi. Anayehamishwa ameonyeshwa mahali pengine pa kwenda. Anayeokolewa alikuwa hatarini. Anayekombolewa alikuwa amefungwa, na gharama imelipwa.

Tazama jinsi uchaguzi mzuri ulivyofanywa zamani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda kamati ya kusaidia nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, kamati iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994, sisi tuliiita Kamati ya Ukombozi. Hatukusema "Kamati ya Uokoaji". Anayeokolewa huweza kuwa amelala, akavutwa na mwenye huruma. Ukombozi una bei, na katika jambo hili bei ililipwa na waliokuwa wakikombolewa wenyewe. Neno lilisema kweli.

Sasa tutazame mahali ambapo neno laweza kuficha kweli. Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Kiingereza kina maneno mawili yanayoweza kukaribiana hapa, "expel" na "deport", na baadhi ya watu huyafasiri yote mawili kwa "kurudisha kwao". Kwa mgeni aliyekwisha muda wa kibali chake, maneno hayo yaweza kufaa. Lakini baadhi ya waliotolewa mwaka 1972 walikuwa raia wa Uganda, na wengi walikuwa wamezaliwa hapohapo. Kwao kulikuwa Kampala na Jinja. Mfasiri akiandika kwamba "walirudishwa kwao", ameandika uongo katika maneno mawili, tena ni uongo uleule ambao mtawala alitaka uaminiwe. Neno la haki ni "walifukuzwa nchini".

Mfano wa pili ni wa nyumbani, na yafaa tuuseme bila kuogopana. Mwaka 1973 TANU iliagiza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya maendeleo. Yule aliyekwenda kwa hiari yake alihamia kijijini. Yule aliyepakiwa ndani ya lori na vyombo vyake alihamishiwa kijijini. Kauli ya kutendea humwacha mtu awe mtenda. Kauli ya kutendeshwa humfanya mtendwa. Anayefasiri habari za miaka ile kutoka Kiingereza hukutana na "were moved", na akaona raha kuandika "walihamia", kwa sababu hutiririka vizuri. Hilo si jambo la mtiririko. Ni jambo la nani alimhamisha nani, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua, kama msomaji wa Kiingereza anavyolijua.

4. Mahakamani na kazini

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Kwa hiyo haya tuyasemayo si mazungumzo ya wapenda lugha tu. Ni vifungu ambavyo kesho hakimu atavisoma.

Mfano mmoja utatosha. Katika sheria tulizorithi, mahakama ikikuta shauri lina kasoro ya utaratibu, hulitoa katika orodha bila kuamua kiini chake, na mwenye shauri aweza kurekebisha kasoro na kurudi. Ikikwisha kusikiliza na kuona kwamba madai hayana msingi, hulikataa, na mlango hufungwa, isipokuwa ule wa rufaa. Kiingereza cha mahakama hutenga mambo haya kwa "struck out" na "dismissed". Nalo la tatu ni pale mdai mwenyewe anapoamua kuacha. Kwa Kiswahili tumekuwa tukisikia kwamba shauri limeondolewa, limefutwa, limetupwa, limetupiliwa mbali, bila mpaka. Mdai asiye na wakili, akiambiwa shauri lake "limetupiliwa mbali", hukunja hati zake na kwenda zake, hata kama sheria ilikuwa imemwachia mlango wazi.

Kwa upande wa kazi, Kiswahili hakikosi maneno. Kilichokosekana ni nidhamu ya kuyatumia. Kusimamishwa kazi si kuachishwa. Kupunguzwa kazini kwa sababu shughuli zimepungua si kufukuzwa kwa kosa. Kustaafishwa si kuhamishwa. Kujiuzulu hufanywa na mwenyewe. Kuuzuliwa hufanywa na mwingine. Hata Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 46A, inapoeleza jinsi Bunge liwezavyo kumwondoa Rais madarakani, hutaja anaondolewa wapi: madarakani. Neno hilo moja la mahali huondoa shaka yote. Kama Katiba yaona haja ya kulitaja, barua ya mlinzi wa bohari haina udhuru wa kuliacha.

5. Jibu kwa wanaopinga

Wako walimu wanaosema kwamba mwanafunzi huchanganyikiwa apewapo maneno kumi ya Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza, na kwamba usanifu ni kuwa na neno moja kwa jambo moja. Kanuni hiyo ni njema, lakini inatumiwa kinyumenyume. Jambo moja, neno moja: ndiyo. Neno moja la Kiingereza, neno moja la Kiswahili: hapana. "Get out" si jambo moja. Kiingereza chenyewe kinapotaka kuwa makini huliacha neno hilo la barazani na kuchukua maneno rasmi, kila moja na mpaka wake. Tukilazimisha neno moja hapa, tutakuwa tumesanifu uzembe.

Wengine husema kwamba maneno kama opoa, epua na nasua ni ya wavuvi, wapishi na wategaji, na hayafai ofisini. Ningewauliza: ofisi ilipata wapi "kupakua" mizigo bandarini, kama si kwa wapishi na mabaharia? Istilahi huzaliwa kazini. Kazi ya Baraza ni kuzipokea zikiwa na nguvu zake, si kuzitafutia mbadala uliopauka.

6. Mapendekezo

Kabla ya kufasiri kitenzi chochote cha jamii hii, mfasiri ajiulize maswali manne: Anayetolewa yumo wapi? Aliingiaje humo? Nani anamtoa, na kwa haki gani? Anapelekwa wapi? Majibu yakipatikana, neno hujitokeza lenyewe. Kwa kuanzia, napendekeza yafuatayo yajadiliwe:

(a) Kuwatoa watu mahali penye hatari kabla haijawafika: kuhamisha kwa dharura. Hatari ikiwa imekwisha kuwafika: kuokoa.

(b) Kumtoa mpangaji kwa amri ya mahakama: kumwondosha. Kumtoa bila amri: kumfukuza. Hati rasmi isitumie neno la pili ikikusudia la kwanza.

(c) Kumtoa mtu nchini: kufukuza nchini. "Kurudisha kwao" itumike tu pale ambapo kwao kunajulikana na hakubishaniwi.

(d) Mwanafunzi aliyekatazwa kurudi kabisa: amefukuzwa shule. Aliyekatazwa kwa muda: amesimamishwa masomo.

(e) Shauri: mdai huliondoa, mahakama hulifuta kwa kasoro, mahakama hulitupa baada ya kulisikiliza. Na kila hukumu iseme wazi kama mdai aweza kurudi.

(f) Mshitakiwa: aliyetolewa kwa dhamana asiandikwe "ameachiwa huru", kwa maana kesi yake ingali hai.

(g) Kazi: barua yoyote ya kumtoa mtu kazini itumie kuachishwa, kufukuzwa, kupunguzwa, kustaafishwa, kusimamishwa au kuhamishwa. "Kutolewa" na "kuondolewa" zisisimame peke yake bila kutaja mahali na sababu.

(h) "Nje" isiongezwe baada ya "toa", isipokuwa pale ambapo mtu akifungua mlango ataikuta nje hiyo.

Hitimisho

Sidai kwamba orodha hii imekamilika. Walioko Pemba, Lamu, Kigoma na Bukavu wana maneno ambayo sisi wa Dar es Salaam hatujayasikia, nao wanaombwa wayalete. Wala sidai kwamba mapendekezo yangu yote yatakubaliwa. Pendekezo la "kumwondosha" najua litapata wapinzani, na pengine watakuwa na hoja kuliko mimi.

Ila jambo moja ningependa tukubaliane. Yule mzee jirani yangu hakushindwa kusoma Kiswahili. Alikisoma vizuri kuliko aliyekiandika. Kwa Kiswahili, mtu aliyetolewa kituoni hutarajia kuonyeshwa kituo kingine, kama vile chungu kilichoepuliwa hutarajiwa kutuliwa mahali. Alikaa akingoja kwa sababu aliiamini lugha yake. Sisi tunaoshika kalamu ndio tunaodaiwa kuilinda imani hiyo.